Sensa za matairi kwenye RAV4 ya 2009: nimelipa mara mbili

Taa ya matairi kwenye RAV4 yangu ya 2009 ina lugha mbili, na nimezielewa baada ya majira mawili ya baridi hapa Minneapolis. Ukiwasha gari ikawaka na kutulia, kuna tairi limepungua upepo. Ikipepesa kama dakika nzima ndipo itulie, basi kuna sensa ambayo gari haliisikii. Yangu ilikuwa inapepesa.

Vitz niliyoiacha Dar haikuwa na taa hii, na mjomba wangu hadi leo anapima upepo kwa teke. Huku Marekani imeletwa na sheria ya mwaka 2000, iliyopitishwa baada ya ajali za matairi ya Firestone kwenye Ford Explorer. Kuanzia modeli ya 2008 kila gari dogo jipya lazima liwe nayo. Ndani ya ringi, shinani mwa vali, kinakaa kidude chenye betri na redio ndogo. Betri ikiisha, unatupa kidude kizima, maana imezibwa humo humo. Miaka kumi ikifika ushukuru.

Kosa la kwanza ni langu. Nilinunua sensa moja ya bei rahisi mtandaoni bila kusoma masafa yake ya redio. Gari langu, kama Toyota nyingi za soko la Marekani za miaka ile, linasikiliza megahezi 315. Niliyoinunua ilikuwa ya 433, ya magari ya Ulaya. Gereji moja ya matairi ikaifunga bila kuuliza, ikanitoza dola 30, sensa ya zamani ikaishia kwenye pipa, na kijana wa pale akanishauri nibonyeze kile kitufe cha chini ya dashibodi. Nimekibonyeza mpaka kidole kikaota sugu. Kitufe kile kazi yake ni kuliambia gari "upepo uliopo sasa ndio kipimo". Hakilifundishi sensa mpya hata siku moja.

Mwokozi wangu ni kaka mmoja Mkongo mwenye gereji ndogo na Autel TS508, mashine ya kusoma na kuandika sensa. Nilimpelekea sensa nne tupu, MX-Sensor, zile zinazoweza kuandikwa kwa 315 au 433. Tupu maana yake haijajua bado ni ya gari gani; mashine ndiyo inaiandika. Kabla hajafungua nati hata moja alizunguka gari, akaisogeza mashine kwenye vali moja baada ya nyingine. Tatu zilijibu: namba, upepo, joto la ndani ya tairi. Ya nne, ile ya dola 30, kimya.

Hapa ndipo nilipojifunza kitu ambacho ningetamani kuambiwa mapema. Kila sensa ina namba yake, na kompyuta ya gari huzikumbuka namba nne tu za matairi yanayotembea. Zikiwa hai, unazisoma na kuzinakili kwenye sensa mpya, na gari halitajua kama kuna kilichobadilika. Sensa ikiwa imekufa, namba huwa imechapwa kwenye ganda lake, unaiandika kwa mkono. Ila ganda langu lilishatupwa.

"Usiogope, kaka," akaniambia. "Gari iko na kichwa yake. Tuiulize yeye."

Akachomeka waya kwenye soketi ya chini ya usukani, swichi ikiwa imewashwa, na mashine ikazitoa namba zote nne kutoka kwenye kumbukumbu ya gari, ikiwemo ya marehemu. Akaziandika kwenye sensa mpya, moja moja, kila moja chini ya dakika. Kufungua matairi, kufunga na kubalansi ndiko kulikokula muda. Nani akae mbele kulia au nyuma kushoto hakusumbui kwa gari hili, kwa kuwa lina taa moja tu na halikuambii ni tairi lipi.

Vali nilichukua za mpira, si za alumini, ingawa za alumini zinapendeza. Chumvi wanayomwaga barabarani huku kuyeyusha barafu inaila alumini, na ukiifunika kwa kifuniko cha shaba vinashikana hadi ukivunje. Kuna aliyevunja vali yote kwa koleo.

Sensa nne zilinigharimu dola 120, kazi ya yule kaka 80. Kwingine niliambiwa zaidi ya 400, na pale wala hakuna aliyetaka kusoma za zamani kwanza. Nimeendesha miezi minne, taa haijapepesa hata mara moja. 

Wiki iliyopita baridi ilishuka vibaya. Kwa kila nyuzi 10 za Fahrenheit zinazopungua, tairi hupoteza kama psi 1 (kipimo cha upepo), na nilikuwa sijaongeza upepo tangu Oktoba. Asubuhi nikawasha gari, taa ikawaka, ikatulia tuli. Nikatoka na geji, vidole vinakufa ganzi: nyuma kushoto psi 23, wakati kibandiko cha mlangoni kinataka 32. Nimerudi ndani nacheka peke yangu, mke wangu anauliza kuna nini cha kufurahia kwenye pancha.