Tela la shamba, Land Rover ya baba na matairi ya mtumba: uzoefu wangu wa misimu miwili

Kwanza nieleze nina nini, ili anayesoma ajue kama maneno yangu yanamhusu. Nalima mahindi na mbaazi wilayani Babati. Nina trekta Massey Ferguson 375, tela la ekseli moja nililolinunua likiwa limeshachoka kwa mkulima mmoja wa Magugu, na Land Rover 109 ya mwaka 1978 aliyoniachia baba. Vyote vitatu vinatembea, na vyote vitatu vimewahi kunilaza njiani kwa sababu ya tairi.

Tela lilikuja na matairi mawili ya saizi 11.5/80-15.3. Nilipolinunua sikuitilia maanani ile 15.3, yaani kipenyo cha rimu kwa inchi, niliiona namba tu kama namba nyingine. Mavuno ya 2022 yalipofika, tairi moja lilikuwa limeisha kabisa, nyuzi zinaonekana, na la pili lilikuwa na kinundu ubavuni. Nikazunguka Babati mjini, kila duka jibu moja: "Hiyo saizi hatuna, mama." Nikaenda Arusha. Huko nilipata duka moja lenye matairi mapya ya Kihindi ya saizi hiyo, 780,000 kwa moja. Mawili ni 1,560,000. Wakati huo gunia la mahindi nilikuwa naliuza 65,000 shambani, kwa hiyo niambie wewe: gunia 24 niyageuze mpira? Nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo naomba msilirudie. Kijana mmoja wa pancha, kijana mchangamfu na mwenye bidii, jina lake nalihifadhi, aliniambia ana tairi la pikapu la ringi 15 lenye kashata nzuri, yaani vile vinundu vya mpira wa kukanyagia. Nikamwambia rimu yangu ni 15.3. Akacheka. "Mama, hiyo ni nukta tu. Nikipaka sabuni na kutia upepo wa kutosha litakaa." Akapaka, akajaza, kompresa ikanguruma, tairi halikai. Akaongeza. Likaja kukaa kwa kishindo hadi kuku wakaruka, naye akanigeukia kwa fahari. Nikalipa.

Lilibeba safari nne. Ya tano, na gunia 22 mgongoni, mdomo wa tairi, ule ukingo unaoshika rimu, ulifumuka, tairi likatoka kwenye rimu, tela likaegemea mfereji. Gunia mawili yaliingia kwenye tope, mengine tuliyapakua na kuyapakia usiku kwa tochi za simu. Baadaye ndipo nilipoelewa. Nukta tatu za inchi ni karibu milimita 8, na ndani ya mdomo wa tairi kuna waya za chuma ambazo hazivutiki. Ukililazimisha tairi la 15 likae kwenye 15.3, waya zinaanza kukatika siku ile ile, wewe huzioni. Fundi mmoja wa malori aliponisikia nikisimulia hakucheka hata kidogo. Alisema nimshukuru Mungu kwamba lilifumukia barabarani, maana lingeweza kupasukia usoni mwa yule kijana wakati anajaza.

Huyo fundi wa malori ndiye aliyenibadilisha akili. Alilizunguka tela langu, akalipiga teke kidogo, akaniambia: "Dada yangu, usitafute tairi la tela. Tafuta tela la tairi." Maana yake ni kwamba nianze kuangalia ni tairi gani limejaa sokoni, kisha nilitengeneze tela likubali tairi hilo. Na kwa upande wetu wa kaskazini lililojaa ni 7.50-16. Canter nyingi, yale malori madogo, zinalivaa, Land Cruiser za watalii zinalivaa, Land Rover yangu inalivaa, hata miguu ya mbele ya trekta langu ni saizi hiyo hiyo. Hilo la trekta mpira wake una mistari ya kuzunguka badala ya kashata, kwa hiyo tairi lenyewe huwezi kuliazima.

Nikanunua ekseli ya nyuma ya Canter kwenye vyuma chakavu Arusha, ikiwa na habu zake (vitovu vya magurudumu) na rimu nne, kwa 450,000. Uzuri wa ekseli hiyo ni kwamba uzito wa gari unabebwa na habu na beringi zake, si na zile shafti za kuzungusha magurudumu. Fundi alichomoa shafti, akatoa gia za difu, akaziba matundu kwa vipande vya bati nene, akajaza grisi, akaichomelea chini ya fremu ya tela. Kazi ya siku mbili, 120,000. Beringi mbili na sili mpya 90,000, kuisafirisha 40,000. Matairi manne ya mtumba kwa 105,000 kila moja, jumla 420,000. Tyubu na flepu (utepe wa mpira unaokaa kati ya tyubu na rimu) nilinunua mpya, seti nne kwa 140,000, na hapo sikubishana sana bei, kwa sababu tyubu yenye viraka ndani ya tairi la mtumba ni kujitafutia usiku mwingine wa tochi.

Ukijumlisha unapata 1,260,000. Ndiyo, nimeokoa laki tatu tu kulinganisha na yale matairi mawili mapya, na mume wangu alinikumbusha hilo kwa wiki nzima. Mwaka wa kwanza faida haionekani. Ilionekana Agosti 2023, tairi moja lilipochanwa na jiwe. Saa tatu asubuhi nilimpigia dereva wa basi dogo anayeshuka kutoka Arusha, saa tisa alasiri tairi jingine la 7.50 lilikuwa Babati kwa laki moja, na jioni tela linabeba. Kwa ile saizi ya zamani ningesubiri wiki, na mahindi shambani hayasubiri, wala wezi.

Sasa habari ya kununua mtumba wenyewe. Arusha ina bahati ambayo mikoa mingi haina, nayo ni magari ya utalii. Kampuni nyingi hazingoji tairi liwe kipara, maana mgeni aliyelipa dola zake akikwama katikati ya Serengeti ni aibu na hasara. Tairi likifika nusu ya kashata linatolewa. Kwa mwenye tela linalokwenda kilomita 20 kwa saa, nusu ya kashata ni miaka. Ubaya wake ni kwamba barabara hizo zina mawe makali, kwa hiyo mpira wa kukanyagia unakuwa mzuri ilhali ubavu umechanwa chanwa. Ndiyo maana mimi naanza na ubavu. Nalikunja kwa magoti mpaka nione kama kuna nyufa zinafunguka. Kisha naingiza mkono ndani na kupapasa kote, natafuta kiraka. Kiraka cha katikati, kwenye kukanyagia, nakikubali. Kiraka cha ubavuni, hata kiwe kizuri namna gani, nalirudisha.

Wauzaji wanazoea kuongea na dereva wangu, kijana mdogo, kana kwamba mimi nimekuja kumshikia pochi. Nawaacha waongee. Mmoja alimsifia tairi jeusi linalong'aa, "hili halijakaa barabarani miezi mitatu, bosi." Nikalisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Rangi ikatoka. Chini yake kashata zilikuwa zimechongwa kwa kisu cha moto: tairi kipara limekatwa mifereji mipya mpaka karibu na nyuzi. Utalitambua hivi: mifereji ya kiwandani ina kina kimoja kote na kingo zake ni laini, ya kuchongwa inayumba na chini yake kuna mikwaruzo. Yule kaka aliona haya, akanishushia bei ya jingine zuri bila mimi kuomba.

Angalieni pia tarehe. Ubavuni, baada ya herufi DOT, kuna tarakimu nne za mwisho ndani ya duara refu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 3818 maana yake wiki ya 38 ya mwaka 2018. Ukiona tarakimu tatu tu, hilo ni la kabla ya 2000, na kweli nimeyaona yakiuzwa. Mimi kwa tela sivuki miaka saba, maana tela linakaa juani miezi mingi bila kazi, na jua linakausha mpira kuliko safari. Msimu ukiisha nalipandisha juu ya magogo na kuyafunika matairi kwa magunia matupu. Tangu nianze hivyo nyufa zimepungua mno.

Tofauti nyingine inayowachanganya watu ni kati ya 7.50-16 na 7.50R16. Yenye R ni redio (radial), nyuzi zake zimelala moja kwa moja kutoka mdomo hadi mdomo na ubavu ni laini. Yenye kistari ni ile ya zamani, nyuzi zimepishana, ubavu mgumu. Kwenye tela nimechanganya na halijalalamika, ingawa kila upande nimehakikisha yale mawili yanayokaa pamoja yanalingana urefu. Moja likiwa refu kuliko mwenzake linabeba mzigo peke yake. Kwenye Land Rover nilijaribu redio kulia na la zamani kushoto, ekseli ya mbele. Gari likawa linaendeshwa kama punda mwenye mawazo yake. Siku ya pili nikayatoa.

Na kwa Land Rover, msimamo wangu ni tofauti na wa tela. Inapanda barabara ya lami, inafika kilomita 80, inabeba watoto. Mbele nimeweka matairi mapya, ya Kichina, 390,000 kila moja. Nyuma ndiyo mtumba. Rimu zake zina nati tano na hazishirikiani na za Canter, msije mkadanganywa na mtu anayesema 16 ni 16: tairi linabadilishana, rimu hapana. Rimu za Land Rover za chakavu zipo nyingi na ni rahisi, ila piga nyundo kidogo kuzunguka tundu la valvu, kutu huanzia hapo. Na msiwaache vijana wa pancha wawajazie upepo wa lori. Mimi naweka PSI 28 mbele na 36 nyuma ikiwa na mzigo. Siku moja walinijazia 70, kila kokoto nililihesabu kwa meno.

Kuna mambo matatu ya ekseli ya Canter ambayo ningependa niambiwe mapema. La kwanza, nati za upande wa kushoto zina uzi wa kinyume, zinafunguka kuelekea kulia. Sikujua. Kijana wangu alining'inia kwenye bomba la spana mpaka akakata bolti mbili, kumbe alikuwa anakaza. La pili, magurudumu pacha yanapenda kumeza mawe katikati, na jiwe likikaa hapo linakula ubavu wa yote mawili. Kila safari tunachungulia, na kuna fimbo maalumu ya kuyachokonoa. Lile la Agosti lilichanwa hivyo hivyo.

La tatu ndilo zito. Rimu zile zina ringi la chuma la kufungia pembeni. Likikaa vibaya wakati wa kujaza upepo linaruka kwa nguvu ya kukata kichwa, na huo si usemi. Nikienda kujaza nabeba mnyororo wangu mwenyewe, unapitishwa kwenye matundu ya rimu na kulizunguka tairi kabla kompresa haijawashwa, na kila mtu anasimama upande wa kashata, si mbele ya ringi. Vijana wananiita mama mwoga. Sawa. Na mtu asikubali rimu ichomelewe tairi likiwa bado juu yake, hata kama limetolewa upepo. Joto linaweza kulipua tairi zima.

Mzigo: tairi zangu zimeandikwa 122/118. Hizo ni namba za uzito, 122 ni kilo 1,500 tairi likiwa moja, 118 ni kilo 1,320 likiwa pacha. Kwa manne inakuja zaidi ya tani tano kwenye karatasi, lakini ni mtumba, na karatasi iliandikwa yakiwa mapya. Napakia gunia 30 za kilo 100 na kusimama hapo. Tatizo ni lumbesa. Mnunuzi akija na gunia zake zilizoshonewa kilemba juu, 30 zinakuwa na uzito wa karibu 40, kwa hiyo nahesabu kwa mizani, na asiyetaka mizani alete gari lake.

Misimu miwili imepita, 2023 na 2024. Tairi moja limechanwa, pancha nne, beringi hazijaguswa zaidi ya grisi. Kwa mwenye tela jipya lenye matairi yanayopatikana, hana haja ya kuhangaika hivi. Kwa mwenye tela la 15.3 lililokaa nyuma ya ghala kwa sababu ya bei ya tairi, ningemwambia asiuze kama chuma chakavu kabla hajaulizia ekseli.

Rimu zangu mbili za 15.3 bado zipo. Moja kuku wanatagia, nyingine tumeigeuza jiko la sufuria kubwa la misibani, majirani wanaiazima. Ya kuku naitoa kwa yeyote mwenye tairi lake, ila angoje vifaranga watoke.