Vidonge vya "BDNF" vya kumbukumbu: nyota 1, msinunue

Jamani hivi vidonge nlivinunua hapa mjini Mombasa kwa ajili ya mamangu, 3,500 kopo moja, manake siku hizi anasahau sana, anateleka wali anatoka barazani mpaka unaungua, na akigundua inamuuma mpaka anatoa machozi. Muuzaji akanambia, "Dadangu hizi zina BDNF yenyewe, zinakaza ubongo, mpe mama asubuhi na jioni." Kopo limeisha, sijaona tofauti yoyote, ndo nikaanza kusoma.

BDNF yenyewe ni ya kweli, hapo hakunidanganya. Ni protini ambayo ubongo unajitengenezea, Yves-Alain Barde na Hans Thoenen ndo walioieleza 1982. Seli ya neva ikimpigia mwenzake sana pale kwenye sinapsi, yaani pale zinapopeana habari, BDNF inaachiliwa papo hapo, inashika kipokezi kinaitwa TrkB, na ile seli inayosikiliza inaongeza vipokezi vya glutameti, ile kemikali inayobeba ujumbe, kwa hivyo mara nyingine ule ujumbe unaingia kwa nguvu zaidi. Lakini kuna ile BDNF changa ambayo haijakatwa bado, hiyo inashika kipokezi kingine, p75, na inaweza kuilegeza sinapsi. Hapa nlishangaa wallahi. Kumbe kazi si kukaza tu, huku yakazwa kule yalegezwa, inategemea sinapsi ipi imefanya kazi na saa gani, sasa kidonge kitajuaje hayo? Na protini ukiimeza tumbo linaimeng'enya kama dengu tu, na hata ingeingia kwenye damu nzima nzima, ubongo una ukuta wake hauachi protini kubwa kupita hivi hivi.

Kilichonipa moyo ni utafiti wa Marekani wa 2011, wazee waliotembea dakika 40 mara 3 kwa wiki, mwaka mzima, hipokampasi yao, sehemu ya kumbukumbu, ilikua kama 2%, na wale ambao hipokampasi yao ilizidi kukua ndo hao BDNF yao ya damu ilipanda. Basi sasa mamangu tunatembea naye pale ufuoni Mama Ngina jioni jua likipoa, tukirudi tunanunua kachri za muhogo. Bado anasahau, ila daktari pia ashamuona, kitu ambacho nlifaa nikifanye kabla ya kopo.

Nlirudi dukani kudai pesa zangu, yule muuzaji akakataa, akanambia nijaribu kopo la pili.