Kabla hujachagua lugha ya programu, uliza itaifanyia nini safu yako

Nilikuwa na orodha mbili: majina ya wanafunzi na maksi zao, zikifuatana jina kwa maksi. Nikaandika kwa Python fankisheni ndogo (kipande cha programu unachokiita kwa jina) ya kutafuta maksi ya katikati, na ndani yake nikaweka maksi.sort(), amri ya kupanga kutoka ndogo kwenda kubwa. Maksi ya katikati ikatoka sawasawa. Nikachapisha ripoti: wa kwanza kwenye orodha, aliyepata 91, akasomeka 23, wa mwisho, mwenye 40 zake, akawa kinara. Python haikuinakili orodha yangu. Iliipa fankisheni ileile, nayo ikaipanga upya na kunirudishia vurugu.

Na kozi ya Python nilikuwa nimeilipia! Mwalimu alisema fankisheni ni chumba kilichofungwa, ya ndani hubaki ndani. Kwa namba tupu utamwamini. Kwa orodha ni uongo mtupu.

Kwa hiyo habari za kasi na ajira kazitafute kwingine. Mimi napanga lugha kwa swali moja: nikiutazama mstari ninapoiita fankisheni, bila kuifungua, nitajua kama safu yangu, yaani orodha kama ile ya maksi, itarudi salama?

1. Swift. Naipendelea, sifichi. Hapa safu ni thamani kama namba. Fankisheni ikitaka kuibadilisha safu yako, itamke inout (neno la kuomba ruhusa ya kubadilisha) kwenye tamko lake, nawe unapoiita uandike panga(&maksi). Ukiisahau hiyo &, programu haijengeki. Wanaosema kunakili kunamaliza kumbukumbu hawajaielewa: nakala halisi hutengenezwa pale tu upande mmoja unapoanza kuandika. Haikuzaliwa hivi, lakini. Katika matoleo ya majaribio ya mwanzo ya 2014, ukibadilisha kipengele kimoja badiliko lilionekana pande zote mbili, ila ukibadilisha urefu safu zilitengana. Wakalirekebisha kabla ya toleo la 1.0. Angalizo moja tu: ukijaza safu vitu vya class (aina isiyonakiliwa, inayoelekezwa tu), nakala zote mbili zitaelekeza kwenye vitu vilevile.

2. Rust. Nayo hukudai &mut unapoita, yaani unaiazimisha safu kwa ruhusa ya kubadilishwa, na ukiipitisha Vec (safu ya Rust) bila kuiazimisha, imehama; huigusi tena. Mbona basi ya pili? Kwa sababu fankisheni iliyokwisha kupokea &mut ikiipitisha mbele, inaandika jina tu, panga(maksi), na ile alama haipo tena. Swift hudai & kila hatua. Mtaniambia ni jambo dogo. Ripoti yangu nayo iliharibiwa na mstari mmoja.

3. Julia. sort hurudisha safu mpya, sort! huipanga ileile. Napenda alama hiyo ya mshangao. Ila ni desturi ya waandishi tu. Asiyeifuata hakuna wa kumzuia.

4. PHP. Safu hunakiliwa inapoandikwa, vizuri. Lakini & hukaa kwenye tamko peke yake, kwa hiyo sort($maksi) inakubadilishia safu huku imenyamaza. Zamani ungeweza kuweka & unapoita; toleo la 5.4 la 2012 likaipiga marufuku. Wangeilazimisha, wao wakaifuta!

5. Go. Hii ndiyo inayonikera kuliko zote. Safu ya urefu maalumu, [5]int, hunakiliwa yote. Lakini slice, safu inayoweza kukua, ambayo ndiyo kila mtu huitumia, hunakili kichwa chake tu: kielekezi (anwani ya data kwenye kumbukumbu), urefu na ujazo. Fankisheni ikifanya append (kuongeza kipengele mwishoni) na nafasi ikiwa bado ipo, inaandika kwenye kumbukumbu yako wewe. Nafasi ikiisha, inahamia kwingine. Mstari uleule, leo unakugusa, kesho haukugusi, kutegemea nafasi iliyobaki.

6. C. Ndani ya fankisheni safu ni kielekezi tu. Kwenye mashine ya biti 64, sizeof (ukubwa kwa baiti) ya safu ya int 10 hukupa 8, badala ya 40 uliyoizoea. Angalau haijawahi kumwahidi mtu kitu.

Za rahisi kujifunza. Python, JavaScript, Java: zote zinakabidhi safu ileile. Tumia sorted(maksi) ya Python, au toSorted() iliyoingia JavaScript 2023, zinazorudisha safu mpya, uendelee na safari.

Yule muuza kozi nilimwandikia nikimweleza yaliyonipata. Akanijibu kwa upole kwamba habari ya kunakili orodha ipo, iko kwenye kozi ya pili, ya kiwango cha juu, nayo inauzwa peke yake.