Unataka sebule yenye hali ya pwani? Nunua kwa mpangilio huu

Mimi ni mtu wa Tanga, nimezaliwa kule nimekulia kule, ila sasa hivi ni mwaka wa sita niko Dodoma kwenye nyumba ya kupanga, na kitu nilichokimiss kuliko vyote ni ile hali ya kwetu, yani ukivuka mlango tu unajua hapa ni kwa watu wa pwani. Mwanzo nilifanya wanavyofanya wengi, nikaenda dukani nikabeba picha kubwa ya kuprinti, mnazi umeinama, mchanga mweupe, maji ya bluu. Miezi mitatu haikuisha nikawa hata siioni. Ile fukwe sio ya kwetu, ni fukwe ya popote pale. Toka hapo nimenunua vitu vingi, vingine vipo mpaka leo vingine vimeharibika, na nilichokiona ni kwamba vinavyoleta pwani ndani ni vile ambavyo watu wa pwani wenyewe wanavivaa, wanavilalia, wanafunikia chakula. Orodha yangu nimeipanga kwa kuangalia bei, kudumu, urahisi wa kubeba kwenye basi, na kama unaweza kutundika bila kugombana na mwenye nyumba kuhusu misumari.

Namba 1: Kanga

Najua utasema kanga ni ya kuvaa. Sawa, lakini itazame vizuri. Ina pindo kuzunguka pande zote nne, ina mji pale katikati, ina jina kwa chini, yani imeshapangwa kama picha na fremu yake. Ukubwa wake ni kama mita moja na nusu kwa mita moja na kidogo, hiyo inatosha kubeba ukuta wa nyuma ya kochi peke yake. Na kwa bei hakuna kitu kinaisogelea, mimi ya mwisho nilichukua doti kwa elfu 13, na doti ni vipande viwili, kimoja nikatundika kingine nikampa mama.

Kama hujui uanzie wapi anza na kisutu, ile ya nyekundu, nyeusi na nyeupe inayokwenda na mambo ya harusi, kwenye ukuta mweupe inakaa vizuri sana. Ila usinunue kwa rangi tu, SOMA JINA. Kanga inasema, na majina mengine ni vijembe vya watu wawili wanajuana wenyewe. Mimi niliwahi kutundika moja niliipendea maua, wifi yangu alivyokuja akasoma pale ukutani akanywa chai kimya mpaka akaondoka, nilikuja kuelewa baadae na iliniuma kwasababu sikuwa na nia hiyo kabisa. Ya sebuleni chukua jina la amani, la kukaribisha watu au la dua.

Kitambaa nacho kina mambo. Chomoa uzi mmoja pembeni uuchome na kiberiti, pamba inaungua inanuka kama karatasi na inabaki majivu, ukiona umeyeyuka ukafanya kidonge kigumu hiyo sio pamba, na ukutani itang'aa vibaya taa ikiwaka. Kabla ya kutundika kata doti, loweka kwenye maji ya baridi yenye chumvi kidogo, anika kivulini, piga pasi, halafu peleka kwa fundi cherehani apinde juu na chini aache njia ya kupitisha fimbo. Fimbo mbili, kamba moja, msumari mmoja, umemaliza. Watu wa fremu za vioo nawaelewa inapendeza, lakini kama uko Tanga au Dar mwambie fundi kitambaa kisigusane na kioo, ule unyevu wa kwetu ukinasa pale ndani ukungu unaota madoadoa na hayatoki. Na jua la dirishani liepuke popote ulipo, nyekundu ndo huwa inaanza kufifia.

Namba 2: Mkeka, na ndugu zake wote

Mkeka wa ukindu mzuri ningeuweka namba moja kama sio shida ya kuusafirisha. Hebu fikiria kazi iliyomo, majani yanakatwa, yanakaushwa, yanachanwa, mengine yanachemshwa na rangi, yanasukwa ukili mrefu mrefu, halafu ukili ule unashonwa mmoja kwa mwingine mpaka unakuwa mkeka. Hayo ni majuma ya mtu amekaa barazani. Ukindu ni laini na unakubali michoro midogo midogo, wa milala ni mgumu na mpana zaidi, huo kwa kutandika chini uko vizuri ila ukutani chukua ukindu.

Unapochagua ugeuze nyuma. Mishono ya kuunga ukili iwe imebanana, na pembeni pawe pamekunjwa pakashonwa, sio pamekatwa tu pakaachwa. Pitisha kitambaa chenye maji juu ya rangi, ikitoka nyingi utapaka ukuta wa watu. Nusa pia, ukisikia harufu ya ukungu acha. Usikubali kukunjiwa kama shuka, unakunjwa kwa kuviringishwa tu, mimi wa kwanza ulikunjwa kwenye buti la basi ukavunjika mstari katikati mpaka leo unaonekana. Kwa sisi wa sehemu kavu kama huku Dodoma majani yanakakamaa, mara moja moja unyunyizie maji kidogo sana uache ukauke kivulini.

Kama bajeti au ukuta ni mdogo, kuna kawa. Zile za kufunikia chakula, zenye umbo la pia. Tatu za ukubwa tofauti ukizipanga ukutani juu ya meza ya chakula, na taa ikipiga pembeni kivuli kinadondoka vizuri mno, wageni wangu huwa wanauliza hizo kabla ya kitu kingine chochote. Ni nyepesi, gundi ya kubandika inazishika, hamna msumari.

Namba 3: Nakshi za mbao

Hapa ndo pesa inaenda na hapa ndo watu wanapigwa. Namaanisha vioo vyenye fremu ya kuchonga, vibao vya nakshi kama vya juu ya milango ya Mji Mkongwe na Lamu, na kasha la njumu, lile sanduku la mbao lenye mapambo ya shaba, kwa mwenye uwezo. Yungiyungi, samaki, minyororo, mitende, hiyo michoro ya milangoni ukiipata kwenye kioo kimoja tu pale koridoni nyumba inabadilika.

Uliza mbao. Mvule na msaji zinadumu. Mwembe ni rahisi na unachongeka lakini bungua wanaupenda, kwahiyo gonga kwa kidole halafu angalia chini, ukiona vitundu vidogo na unga mweupe rudisha. Ukiambiwa mpingo na bei ikapanda, futa kwa kitambaa chenye maji sehemu ya nyuma, kama ni kiwi ya viatu imepakwa juu ya mti mweupe itatoka, na mpingo wa kweli ni mzito kiasi kwamba ukiutumbukiza majini unazama. Nakshi ya mkono utaiona, ua hili na lile havilingani asilimia mia na ndani ya mashimo kuna alama ndogo za patasi.

Kitu ambacho wauzaji hawasemi: mbao iliyozoea unyevu wa pwani ukiileta bara kavu inasinyaa, na ikisinyaa ghafla inapasuka. Ikifika iache kwenye gazeti wiki mbili tatu mbali na dirisha kabla hujaitundika, na mwambie fundi wa kioo aache nafasi kidogo pembeni kioo kisibanwe.

Halafu jamani, vipande vya milango ya zamani vilivyong'olewa kwenye majumba, hata ukivipata kwa bei nzuri, viache. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia urithi wa dunia mwaka 2000 na Lamu 2001, ule mlango kazi yake iko pale pale ulipowekwa. Mafundi wapo hai, waagize kipya nao wale.

Namba 4: Tingatinga

Edward Saidi Tingatinga alitokea Tunduru, akaanza kuchora Dar mwaka 1968 kwenye vibao vya hardboard kwa rangi za mafuta za dukani, akafariki 1972, na waliomfuata wapo mpaka leo pale Oysterbay. Omba zile za samaki na chini ya bahari. Angalia vidoti na macho ya samaki, mkono mzuri una mstari safi usiotetemeka. Bonyeza kwa kidole kwenye kona, ikinata haijakauka, na kama ni ya kitambaa, ikibidi kuviringishwa upande wa rangi uwe nje ili isikunjamane.

Namba 5: Vyombo vidogo vya mbao

Jahazi na ngalawa za kuweka juu ya kabati. Nzuri kama zimetengenezwa na mtu anayejua chombo. Mlingoti wa jahazi umeinamia mbele, na tanga linaning'inia kwenye foromali, ule mti mrefu wa kubeba tanga. Ukiona mlingoti umesimama wima na vitanga viwili vya pembetatu, hiyo ni mashua ya Ulaya imepakwa rangi ya kahawia. Ngalawa iwe na yale mabawa yake ya pembeni pande zote mbili. Shida yake ni vumbi, kamba zile kufuta ni kazi.

Namba 6: Picha za kuprinti

Kama ni lazima, chukua picha iliyopigwa kweli Pangani, Bagamoyo au Lamu na mtu wa huko, uprinti mwenyewe.

Usinunue kabisa

Makombe makubwa, matumbawe na magamba ya kasa anayeitwa ng'amba. Biashara ya kimataifa ya magamba ya kasa imepigwa marufuku na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na matumbawe magumu pamoja na yale makombe makubwa ya chaza yanadhibitiwa na mkataba huohuo, uwanja wa ndege unaweza kushikwa. Na yule kome mkubwa anayepulizwa kama baragumu ndio mmoja wa wachache wanaomla kiti cha pweza chenye miiba kinachomaliza matumbawe, na samaki wetu wanazaliana kwenye matumbawe hayo. Baba yangu alikuwa mvuvi. Siwezi kuliweka kombe lake kwenye meza yangu.