Ununue mita gani kwanza? Mwongozo kwa mafundi wa vipimo Malindi

Fundi wa pampu za hoteli hapa Malindi, wa mitambo ya barafu ya wavuvi na wa viwanda vya chumvi kule Gongoni wote hukutana na ishara moja: miliampea 4 hadi 20. Transmita, yaani kifaa kinachopima kina cha maji, presha au joto, hutuma mkondo huo. 4 ni sifuri, 20 ni kipimo cha juu kabisa. Basi ukifika dukani usihesabu vitufe. Angalia kama mita itasoma miliampea sawasawa, na kama itakulinda mkono ukiteleza.

Ya kwanza: multimeta imara yenye miliampea. Hii ndiyo ninayompendekezea kila anayeanza. Isome hadi sehemu ya mia ya miliampea. Tuseme tangi lina kipimo cha mita 0 hadi 5, nawe unasoma 8.00. Toa 4, gawa kwa 16, unapata robo: maji yako mita 1.25. Ukisoma sifuri kabisa, usilaumu tangi. Waya umekatika au volti 24 za kuilisha transmita hazifiki.

Fyuzi ndizo zitakazokuonyesha thamani ya mita. Fundi akipima miliampea, akasahau waya kwenye tundu la miliampea, kisha akagusa volti 240, amefanya shoti kupitia mita yenyewe. Fyuzi ya kioo yaweza kupasuka na umeme ukaendelea kupita. Ya kauri iliyojazwa mchanga huuzima. Muombe muuzaji aifungue mita uone kwa macho yako. Akikataa, toka. Kwa mota za volti 415 usikubali mita yenye kiwango cha usalama chini ya CAT III 600V, na maandishi hayo pekee yasikutoshe kama ndani mna kioo. Multimeta ya Fluke 87V inastahili sifa zake, ila fyuzi zake ni ghali. Uliza bei ya za akiba kabla hujalipa.

Ya pili: kifaa kidogo cha kutoa miliampea 4 hadi 20. Multimeta husoma tu. Hiki hukuwezesha kujifanya transmita: unaipa PLC, kompyuta ndogo inayoendesha mitambo, miliampea 12, skrini ionyeshe nusu. Ikionyesha sawa, ubovu uko kwenye transmita au waya wake, na umeokoa siku nzima ya kubahatisha. Cha bei nafuu kinatosha, mradi ukikague kwa multimeta yako.

Ya tatu: klampu ya miliampea, kama Fluke 771. Inasoma bila kufungua waya, kwa hiyo pampu haisimami. Ni tamu kwa mwenye kazi ya kila siku kiwandani, lakini bei yake ni ya kampuni. Klampu ya kawaida ya mota haiwezi kazi hii, usidanganywe.

Ya nne: mita ya yote kwa pamoja, kama Fluke 789, inayopima, kutoa ishara na kuilisha transmita volti 24. Ni nzuri sana, ila ikiharibika umebaki mikono mitupu. Kwa fundi wa kujitegemea, vifaa viwili tofauti ni salama zaidi.

Chochote utakachochagua, hewa ya chumvi itakishambulia kwenye matundu na ncha za waya. Dai mfuko unaofungwa, na waya za akiba zenye ncha zinazobadilika.