Ukisafiri kutoka Mwanza, nguo za bei nafuu ununue duka gani?

Nianze na ya nyumbani. Jinzi, koti au gauni la mtumba gredi A pale soko la Mlango Mmoja utalipata kwa bei ambayo duka la kimataifa haliwezi kuifikia, na mara nyingi lebo ya ndani ni ileile ya H&M au Zara. Kwa hiyo ukiwa safarini, tafuta kile ambacho mtumba haukupi: boksa na sidiria (TBS, shirika letu la viwango, inakataza nguo za ndani za mitumba), soksi, mashati matatu meupe ya kazini ya saizi moja, na nguo za watoto wanaotaka kufanana sikukuu.

Namba moja: LC Waikiki, Nairobi. Kampuni ni ya Kituruki na ina matawi kadhaa jijini humo. Kwa mtu wa Mwanza naiweka mbele kwa sababu ya njia: basi linapita Musoma, unavuka mpaka Sirari, hakuna tiketi ya ndege. Bei imebandikwa, hakuna "dada, ongeza kidogo". Kwa hesabu ya haraka, zidisha shilingi ya Kenya kwa 20. Uzuri wake hasa uko upande wa watoto. Usitegemee umri ulioandikwa kwenye lebo. Mtoto wa miaka sita wa Nyakato anaweza kuvaa ya minane. Msimamishe ukutani kabla ya kuondoka, mpime urefu kwa sentimita, kisha tafuta sentimita hizo kwenye lebo.

Tisheti ina vipimo vyake vitatu, na havihitaji fundi. Ingiza mkono ndani ya kitambaa na uuelekeze kwenye taa: ukiona vidole vyote vizuri, hiyo haitamaliza mwaka. Vuta shingo kisha iachie. Isiporudi palepale, irudishe kwenye hanga. Mwisho angalia mshono wa ubavuni. Ukiwa umeanza kupinda kuelekea tumboni hapo dukani, baada ya kufuliwa utapinda zaidi. Na soma lebo: kwa joto la kwetu chukua pamba, poliesta iache kwa jezi. (Inauma kidogo, maana sehemu kubwa ya pamba ya Kanda ya Ziwa huuzwa nje ikiwa ghafi, halafu tunaifuata dukani ikiwa shati.)

Namba mbili: Max, Dubai. Hii ni kwa aliye na safari tayari, si ya kukatia tiketi. Nguo ni nyepesi, zimekusudiwa nchi za joto, na za kazini zipo nyingi. Ukinunua kwa dirham 250 au zaidi katika duka lililo kwenye mpango wa kurudishia watalii kodi, mwambie mhudumu wa kaunta mapema akuandikie, nawe uonyeshe pasipoti. VAT ya huko ni asilimia 5, na hurudishiwi yote, lakini huenda ikatosha soksi. Thibitisha marejesho hayo uwanja wa ndege kabla ya kukabidhi begi.

Namba tatu: Mr Price, Afrika Kusini. Mitindo ya vijana, bei nzuri, ila uimara hutofautiana sana kati ya nguo na nguo. Vipimo vya tisheti vitumie hapa bila huruma. VAT ni asilimia 15, kwa hiyo kurudishiwa kuna maana zaidi kuliko Dubai. Tunza risiti.

Namba nne: Primark, Uingereza. Kwa boksa, soksi na singlendi ni vigumu kuipita kwa bei. Lakini Januari rafu za punguzo hujaa masweta, na Mwanza utayavalia wapi? London hakuna tena kurudishiwa VAT dukani tangu 2021.

Ya mwisho: Zara. Nzuri, si nafuu.

Kuhusu mzigo: ukiunganisha Dar kuja Mwanza, angalia kilo za tiketi ya ndani, maana huenda zikawa pungufu kuliko za ile ya kimataifa. Na dazeni mbili za tisheti za aina moja forodha wanaweza kuzihesabu kuwa biashara, hata ukisema ni za ukoo mzima. Zitangaze, ulipe, uchukue risiti.