Mwiko, upekecho, mikisa au blenda: ukiwa Dodoma ununue kipi kwanza

Watu wengi wananiulizaga aanze na nini, hela iko kidogo, amehamia Dodoma anataka kupika na kuoka kwake mwenyewe, na karibu wote swali ni hilohilo, dada blenda gani nzuri. Mi nawaambia blenda subiri kwanza. Kila chombo cha kuchanganyia kuna kazi moja iliyofanya watu wakitengeneze, sasa ukikipa kazi ya mwenzake kitakushinda hata kama umekinunua ghali. Kwaiyo navipanga kwa kuangalia kazi tunazofanya kweli huku kwetu.

Namba moja ni mwiko na upekecho, kile kijiti chenye vidole chini cha kukorogea mlenda, na hivi nahesabu kitu kimoja maana hela ya soda chache inavileta vyote viwili nyumbani. Mwiko chukua wa mninga, bapa lake pana na mpini mrefu ili mkono ukae mbali na mvuke, kwasababu ugali wa uwele au mtama sio wa sembe, unakaza na unataka nguvu, alafu angalia vizuri pale shingoni mpini unapokutana na bapa, ukiona ufa hata mdogo rudisha, ndo panapovunjikia. Unusie pia. Ukinuka vanishi uache hapohapo.

Upekecho sasa. Huu ndo naupenda kuliko vyote na inaniuma nikiona wageni wanaupita sokoni kama kijiti cha kuwashia moto. Mlenda wa unga ukiumwaga kwenye maji yanayochemka na magadi yake unafanya madonge, ukitumia mwiko unayasukuma tu huku na huku, lakini upekecho unausugua kati ya viganja viwili unazunguka kulia unarudi kushoto, vile vidole vyake vya chini vinayapasua madonge na karanga zinaingia vizuri mpaka mlenda unakuwa laini unavutika. Ni akili kubwa ile, na sio sisi peke yetu tulioifikia, kule Mexico wana wa kwao unaitwa molinillo, wanausugua viganjani hivyohivyo kutoa povu kwenye chokoleti ya kunywa. Mi nanunua soko la Majengo na kabla sijalipa nauzungusha palepale mbele ya mama anayeuza, ukiyumba ujue kijiti kimepinda na utakuchosha mikono. Chukua uliochongwa kipande kimoja, wa kupigiliwa misumari achana nao, msumari unashika kutu na siku moja utaukuta kwenye bakuli la mtoto.

Namba mbili ile waya ya kupigia mayai. Bei ndogo, ya chuma kisichoshika kutu, nyaya ziwe nyingi na zisilegee pale zinapoingia kwenye mpini, basi. Ukikutana na ile ya kuzungusha kwa mkono yenye meno ya gia ichukue, umeme ukikatika katikati ya keki utaishukuru. Hiyo sio ya juzi, Mmarekani Turner Williams aliisajili 1870 ikiwa na vipigio viwili vinavyopishana, na 1884 Willis Johnson, mtu mweusi wa Cincinnati, akasajili ya kwake yenye vyumba viwili ili upige vitu tofauti kwa wakati mmoja.

Namba tatu mikisa ya umeme ya mkono, ila kwa anayeoka tu. Kama keki unapika Krismasi na Idi basi waya inakutosha. Ya wati 300 ikifanya kazi dakika 10 inakula uniti 0.05, maana yake uniti moja ya Luku inakupigia keki kama 20, kwaiyo usiogope umeme. Cha kuogopa ni mitumba. Umeme wetu ni volti 230, vitu vya Japani vimetengenezwa kwa volti 100 na vya Marekani 120, ukichomeka bila transfoma inaungua hapohapo, kwaiyo geuza mashine usome kibandiko cha chini kabla hujaanza kupatana bei.

Blenda naiweka namba nne na najua wengi mtakataa. Lakini Stephen Poplawski alipoweka visu chini ya kikombe mwaka 1922 kule Racine, Wisconsin, alikuwa anatafuta namna ya kuchanganya vinywaji vya maziwa, yani kitu chenye maji. Ndo maana juisi ya ubuyu na nyanya inasaga vizuri kabisa, ila ukiweka karanga kavu visu vinazunguka kwenye uwazi mtupu bila kuzishika karanga, mota inapata moto na inaanza kunuka. Mi yangu ya kwanza iliungua hivyohivyo, karanga za mlenda, na bado nilikuwa na kinu na mchi pale pembeni. Ukinunua chukua jagi la kioo, uliza kama ile raba ya chini na visu vinauzwa peke yake, na saga dakika moja upumzishe.

Ya mwisho mashine kubwa ya kukandia yenye bakuli lake. Hii ilizaliwa kwenye bekari, Herbert Johnston wa kampuni ya Hobart alimwona mwokaji anahangaika kukoroga donge kwa kijiko cha chuma, 1908 akatengeneza mashine, na ya nyumbani ilipokuja 1919 kwa jina la KitchenAid ilikuwa na kilo kama 30 na bei dola 189.50. Mpaka leo ni nzito na ghali. Kama unakanda maandazi ya kuuza kila alfajiri inunue, itakuokoa mabega. Kama ni ya familia ya watu watano, hiyo hela weka kwenye jiko lenye oveni nzuri, ngano uendelee kukanda kwa mikono.